Kila Kidomo Kina Wakati Wake wa Kuvuta: Mwongozo wa Kufuatilia Mipira ya Vakyumu kwenye Kabureta

Inua boneti ya Toyota Corolla ya miaka ya 1980, ile ambayo Wakenya tumezoea kuiita DX, na utakuta mipira myembamba myeusi imeizunguka kabureta pande zote. Mmoja umefungwa kwa waya, mwingine umezibwa kwa skrubu, wa tatu unaning'inia bila kwenda popote. Gari linawaka na linatembea, basi fundi wa mwisho akaliacha hivyo. Lakini linakunywa petroli kupita kiasi, linazima kwenye foleni ya Ngong Road, na likianza kupanda Waiyaki Way linaishiwa nguvu. Mwenyewe anashauriwa atafute kabureta nyingine, ilhali mara nyingi kabureta haina kosa lolote. Kilichoharibika ni njia za mvuto.

Mwongozo huu ni wako ikiwa una DX, Datsun 120Y, Peugeot 504, Land Rover ya Series au Volkswagen Beetle, na unataka kuirudisha mipira mahali pake bila kubahatisha. Kanuni yake ni moja: usiamini mchoro wala kumbukumbu ya mtu kabla ya kukiuliza kila kidomo cha kabureta, yaani kijibomba kinachovikwa mpira, kinavuta lini. Jibu ndilo litakaloonyesha mpira upi uende wapi.

Kwa nini mchoro peke yake hautoshi Nairobi

Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limezidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo gari la kabureta unaloliona mjini leo limekuwa kwenye barabara zetu kwa miongo kadhaa, na limepita mikononi mwa mafundi wengi. Corolla iliyotoka kiwandani na injini ya 3K ya sentimita za ujazo 1,166 huenda leo ina 5K ya 1,486, na kabureta iliyotolewa kwenye gari la tatu. Kibandiko cha mchoro chini ya boneti, kama hakikufunikwa na rangi, kinaeleza gari lililotoka kiwandani, tena kwa soko fulani. Hakilielezi gari lililo mbele yako.

Sababu ya pili ni mwinuko. Katikati ya jiji tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Kikuyu na Limuru unapita 2,000. Shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Vipimo vilivyomo katika vitabu vingi vya ufundi ni vya usawa wa bahari. Fundi anayevisoma bila kuvirekebisha anaweza kuihukumu injini nzima kuwa imechoka.

Andaa vifaa

Huhitaji vingi. Tafuta geji ya vakyumu, taa ya taimingi, bisibisi, koleo lenye ncha ndefu, tochi, kalamu na karatasi, utepe wa karatasi wa kuandikia majina, na kipande kipya cha mpira cha urefu wa mkono mmoja. Pampu ya vakyumu ya mkono ni msaada mkubwa ukiipata, ila si lazima. Maduka ya spea ya Kirinyaga Road, eneo ambalo wazee bado wanaliita Grogan, huuza mipira kwa kipimo unachotaka. Beba kipande cha ule wa zamani ulinganishe tundu la ndani, kwa maana unene wa nje hudanganya.

Fanya kazi nje au mahali penye hewa ya kutosha, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa. Weka gia huru na handibreki juu. Kunja mikono ya shati na uviweke vidole mbali na feni na mkanda. Usivute sigara, na kizima moto kiwe karibu, kwani baadhi ya mipira utakayoigusa hubeba petroli na mvuke wake.

Hatua ya 1: Piga picha, kisha andika

Kabla ya kuchomoa chochote, piga picha kutoka juu, kushoto, kulia na nyuma ya kabureta. Halafu chora mchoro wako mwenyewe. Weka duara moja katikati kuwakilisha kabureta, na mstari kwa kila mpira hadi unakoishia. Upe kila mpira namba, na ubandike namba hiyo hiyo kwenye ncha zake zote mbili. Ulioishia hewani au uliozibwa uandike pia, pamoja na kilichotumika kuuziba. Ukikuta vali ndogo ya plastiki katikati ya mpira, andika rangi yake na upande ulioelekea kabureta.

Mpira uliokauka usiuvute kwa nguvu. Vidomo vingi vya vali ni vya plastiki iliyokaa kwenye joto kwa zaidi ya miaka 30, na vikivunjika huwezi kuviunga. Uzungushe kwanza uachie. Usipoachia, uchane kwa wembe kwa urefu wake. Mpira ni rahisi kununua kuliko vali.

Hatua ya 2: Tambua aina za vidomo

Pistoni zinaposhuka huvuta hewa kupitia kabureta. Mguu usipokanyaga, kilango cha akselereta kinakaribia kufunga kabisa, kwa hiyo chini yake panakuwa na mvuto mkali na juu yake karibu hakuna. Ukikanyaga, kilango kinafunguka na hali inabadilika. Mahali kidomo kilipotobolewa, juu au chini ya kilango hicho, ndipo panapoamua kazi yake.

Washa injini hadi ipate joto lake la kawaida na choki ifunguke kabisa. Chomoa mpira mmoja mmoja, weka kidole au geji kwenye kidomo, kisha mwenzako akanyage mafuta polepole.

*Kinachovuta wakati wote injini inapozunguka taratibu.* Hiki kiko chini ya kilango au kwenye manifoldi yenyewe. Mvuto wake ni mkali mguu ukiwa juu, na hushuka ghafla ukikanyaga kwa nguvu. Hulisha servo ya breki kupitia mpira mnene wenye vali ya kuzuia hewa isirudi. Katika magari mengi hulisha pia vali ya PCV inayotoa mvuke wa oili, kifaa cha kupandisha mzunguko wa injini wakati kiyoyozi kinapowashwa, na mfumo wa kuingiza hewa ya moto.

*Kinachonyamaza mwanzoni, kisha kikavuta ukikanyaga kidogo.* Hiki kimetobolewa juu kidogo tu ya ukingo wa kilango kilichofungwa. Ndicho ambacho katika magari mengi hulisha kiwambo cha distribyuta kinachotanguliza taimingi, vali ya kurudisha moshi na kopo la makaa linalonasa mvuke wa petroli. Ukiilisha distribyuta kwa kidomo cha aina ya kwanza ilhali iliundiwa hiki, injini itazunguka kasi hata bila kukanyagwa. Fundi ataishusha kwa skrubu, na tangu hapo kila kipimo kitakuwa cha uongo.

*Kisichovuta wakati wowote.* Hiki ndicho chenye hatari zaidi kwa asiyejua. Huenda ni pumzi ya bakuli la kabureta, inayotoa mvuke wa petroli kwenda kwenye kopo la makaa. Huenda pia ni bomba la kurudisha petroli kwenye tangi. Katika baadhi ya Toyota, pampu ya petroli yenyewe ina vidomo 3: cha kuingiza, cha kwenda kabureta na cha kurudisha tangini. Nusa kabla ya kuweka mdomo au kuunganisha. Penye harufu ya petroli, toa geji na usijaribu kunyonya.

Baada ya zoezi hili, andika alama kwenye mchoro wako kando ya kila kidomo: "wakati wote", "nikikanyaga" au "hakivuti". Karatasi hiyo sasa ina ukweli zaidi wa gari lako kuliko kitabu chochote.

Hatua ya 3: Pima viungo, si mipira tu

Mpira mpya uliounganishwa na kiwambo kilichopasuka ni tundu jipya la kuingiza hewa. Kwa hiyo pima kila kiungo kabla ya kukirudishia mpira.

*Distribyuta.* Zima injini, ondoa kifuniko cha distribyuta, unganisha kile kipande kipya cha mpira kwenye kiwambo na unyonye. Bamba la ndani lisogee. Ziba ncha ya mpira kwa ulimi. Bamba likibaki liliposogea, kiwambo ni kizima. Likirudi lenyewe, kimepasuka. Wapo watakaokuambia kifaa hiki hakina kazi, maana mguu ukikanyagwa hadi mwisho mvuto hupotea na injini haioni tofauti. Hiyo ni kweli kwa gari la mashindano. Wewe unayetoka Karen kwenda mjini kwa mwendo wa wastani, mguu nusu, ndiye unayefaidika nacho: injini huchoma vizuri na petroli hupungua. Mpira huu huchomolewa na kuzibwa kwa muda wakati wa kupanga taimingi, na mara nyingi husahauliwa hapo hapo.

*Servo ya breki.* Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu. Shikilia mguu hapo na uwashe gari. Pedali ikishuka kidogo, mpira, vali na servo vinafanya kazi. Isiposhuka, usiendeshe kabla ya kupata sababu.

*Vali za joto.* Hizi zimekazwa mahali maji ya rejeta yanapopita, na kazi yake ni kufungua au kufunga njia ya mvuto kulingana na joto. Zipime asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, kisha urudie ikiwa na joto. Hali mbili zikitoa jibu moja, vali imekwama.

*Vali za kuchelewesha.* Ni zile ndogo za plastiki, mara nyingi zenye rangi mbili. Upande mmoja hupitisha pumzi kwa urahisi na mwingine kwa taabu. Zikigeuzwa, kifaa kilichokusudiwa kuitika polepole kitaitika ghafla. Ndiyo maana uliandika upande ulioelekea kabureta.

Hatua ya 4: Vifaa viwili ambavyo wakazi wa Nairobi huvitupa kimakosa

Cha kwanza ni kifaa cha kurekebisha mwinuko, kilichokuwamo katika baadhi ya Toyota na magari mengine ya Japani. Ni kasha dogo lenye kiwambo kinachohisi shinikizo la hewa. Katika Toyota hufunguka karibu mita 1,200, kikaiongezea kabureta hewa, na katika mifumo mingine kikatanguliza taimingi kidogo. Sehemu nyingi duniani kifaa hiki hulala mwaka mzima. Nairobi kinatakiwa kufanya kazi kila siku. Gari likiwa nacho na mipira yake ikazibwa, litavuta petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, litatoa moshi mweusi na plagi zitajaa masizi. Kama gari lako halikuumbwa nacho, njia ni kumwona fundi wa kabureta akuwekee jeti ndogo zaidi zinazofaa mwinuko wetu. Usijaribu kupunguza petroli kwa kuruhusu mpira uvujishe hewa.

Cha pili ni mfumo wa hewa ya moto. Ni bomba nene linalotoka kwenye ekzosti kwenda kwenye mdomo wa kisafisha hewa, pamoja na kibati kinachoongozwa na mpira wa vakyumu. Wengi huliondoa kwa hoja kwamba Afrika ni joto. Basi wafike Limuru alfajiri ya Julai! Hewa ya baridi yenye unyevu ikipita kwenye kabureta hupoa zaidi petroli inapogeuka mvuke, na barafu inaweza kufanyika kooni. Injini hukohoa na kuzima, kisha ukingoja dakika chache huwaka kana kwamba haikuwa na tatizo. Kwa anayeishi Kikuyu, Limuru au Ngong, mfumo huu si wa anasa.

Hatua ya 5: Nunua mpira unaofaa

Mipira mingi midogo ya Toyota na Datsun ina tundu la milimita 3.5 hadi 4. Mingine ni milimita 5 au 6. Wa servo ya breki ni mnene zaidi na lazima uwe ule uliotengenezwa kwa kazi hiyo, usiobonyea ukivutwa. Mpira ukae kwa kubana wenyewe kwenye kidomo. Ukihitaji waya ili ukae, ni mkubwa.

Epuka mpira mwembamba wa plastiki unaoonekana ndani. Ukipata joto la injini hulegea na kujikunja, kisha njia hufunga kimya kimya. Silikoni ya rangi hustahimili joto, lakini haistahimili petroli, kwa hiyo usiiweke kwenye kopo la makaa, kwenye vali ya PCV wala kwenye bomba la petroli. Mpira wa petroli waweza kufanya kazi ya vakyumu kama tundu linalingana, ila mpira wa vakyumu usibebeshwe petroli hata siku moja.

Ukitaka kuona mipira ilivyopangwa kiwandani, nenda kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse. Shindano hilo la klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo lilianza mwaka 1970, na majaji wake hukagua hadi chini ya boneti. Mtafute mwenye gari kama lako, umsalimie vizuri na uombe ruhusa ya kupiga picha. Gari moja lisiloguswa lina thamani zaidi kuliko michoro kumi ya kukisia.

Hatua ya 6: Tafuta panapovuja

Mpira uliopasuka huingiza hewa isiyopimwa, kama mrija wa soda wenye tundu, na kabureta haina habari. Dalili zake ni mzunguko wa kuyumba, mlio wa kufoka, na injini kupiga chafya kupitia kabureta. Kuna pia hasara isiyosikika: hewa hiyo haikupita kwenye kisafishaji, na vumbi la barabara za murram za Dagoretti linaingia moja kwa moja kwenye silinda.

Injini ikizunguka taratibu, bana kila mpira kwa koleo lililofungwa kitambaa. Mzunguko ukibadilika kwa kubana mpira ambao haupaswi kupitisha hewa, kosa liko kati ya koleo na mwisho wa mpira huo. Kwa gasketi za kabureta na manifoldi, nyunyiza maji kidogo ya sabuni kwenye maungio na usikilize. Usinyunyize petroli wala dawa ya kusafishia kabureta karibu na ekzosti ya moto. Njia hiyo huonyesha panapovuja, na pia huunguza magari.

Hatua ya 7: Soma geji kwa hesabu ya Nairobi

Vitabu husema injini nzima ikizunguka taratibu hutoa inchi 17 hadi 21 za zebaki. Hizo ni za usawa wa bahari. Toa inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Nairobi, hiyo ni inchi 6, kwa hiyo injini nzima hapa itaonyesha takriban 11 hadi 15. Kikuyu na Limuru itapungua tena. Anayekuambia injini ya DX yako imekwisha kwa sababu geji inasoma 14 amesoma kitabu cha pwani.

Mshale uliotulia lakini uko chini ya hapo huashiria hewa inayovuja au taimingi iliyochelewa. Mshale unaoelea polepole juu na chini huashiria mchanganyiko wa petroli na hewa usio sawa. Mshale unaodunda kwa mpigo usiobadilika huashiria vali ya injini, na hilo halitibiwi na mpira wowote. Panga taimingi kwanza, mpira wa distribyuta ukiwa umechomolewa na kuzibwa kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Urudishe mpira, kisha ndipo urekebishe skrubu za kabureta. Ukianza na skrubu utarudia kazi yote.

Kipi kizibwe, kipi kisizibwe

Kidomo kinachovuta ambacho kiungo chake hakipo tena, kwa mfano kiyoyozi kikiwa kimeondolewa, kizibwe kwa kofia ya mpira iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Skrubu na msumari hulegea kwa mtikisiko.

Pumzi ya bakuli la kabureta isizibwe. Petroli ikipata joto itasukumwa kooni, na gari litakataa kuwaka baada ya kusimama juani. Njia ya mvuke wa oili isizibwe pia, maana shinikizo litatafuta pa kutokea na oili itavuja kwenye sili. Mpira wa distribyuta na wa servo hauna sababu yoyote ya kubaki umezibwa katika gari la kutumika kila siku.

Jaribu barabarani

Anzia Museum Hill, pita Westlands, Kangemi na Uthiru hadi Kikuyu. Njia hiyo ina foleni, mwendo wa wastani na mlima, yaani kila hali ambayo mipira yako inapaswa kuitika. Gari lisizime kwenye foleni, injini isigonge kwenye mlima, na mzunguko urudi chini mara mguu unapoinuka. Injini ikigonga mlimani, rudi kwenye taimingi na kidomo cha distribyuta. Mzunguko ukikataa kushuka, rudi kwenye hatua ya 6. Jaza tangi kabla na baada, upige hesabu ya lita kwa kilomita, uiandike kwenye karatasi ile ile ya mchoro.

Karatasi hiyo itie ndani ya mfuko wa plastiki na uiweke garini. Kila unapompelekea fundi gari, mwoneshe kabla hajashika bisibisi, na umwambie kwa heshima: "Fundi, usizibe wala kuhamisha mpira bila kuniambia sababu." Fundi mzuri atafurahi kuona mchoro. Na siku utakapoliuza gari, umpe mnunuzi mchoro pamoja na logibuku, asianze tena kubahatisha.